Natafuta pafyumu yenye moshi wa ubani, ya jioni za kutulia peke yangu

Wakuu habari za jioni. Napenda sana unyunyu ila hizi za vanila na matunda zimenichosha, ofisini kila mtu ananukia biskuti. Nataka kitu cha moshi moshi, ile harufu ya ubani ukishaanza kuyeyuka kwenye kaa. Siyo ya harusini, ni ya usiku nyumbani nikisoma au mvua inanyesha nimekaa tu nawaza mambo yangu. Za udi nyingi nilizonusa madukani ni waridi na sukari tupu, moshi huusikii. Niko Dar, joto mnalijua. Nisaidieni.

kijana_wa_upanga: Tafuta Avignon ya Comme des Garçons mkuu, iko kwenye ile seti yao ya Incense ya 2002, zipo tano. Hiyo ni kanisa Katoliki padri anapita na chetezo, kavu, haina utamu wa kijinga. Ukiona kanisa limezidi kuna Kyoto humo humo, hiyo ina miti zaidi na kakahawa kwa mbali.

Mpulizaji: Avignon haikai hiyo, masaa machache kwishney. Chukua Interlude Man ya Amouage, Waoman wale, ya 2012. Mwanzo inakuja na majani ya oregano imechafuka chafuka hivi, subiri itulie uone ubani, ngozi na udi unaofuka.

kijana_wa_upanga: Interlude kwa joto la Dar?? Panda nayo daladala uone watu watakavyofungua madirisha. Jamaa kasema anataka kutulia bwana.

Mpulizaji: si kasema usiku nyumbani, soma uzi kwanza. Pulizo moja kifuani chini ya shati, basi.

Bi Chetezo: Mwanangu hela yote hiyo ya nini na ubani wenyewe upo? Chukua ule wa Oman, hojari, punje kubwa za weupe wenye ukijani kwa mbali. Kaa liache mpaka livae majivu, ndo uweke punje moja mbili, ukiwahi na moto mkali unaungua, unabaki moshi wa kuwasha macho tu. Shati lako litundike kwenye kiti, chetezo chini, ila usiliache peke yake. Harufu ya kwenye nguo inadumu kuliko ya shingoni, alfajiri utaikuta.

Mleta uzi: Asanteni wote. Nitaanza kwa kupimiwa Avignon kichupa kidogo, hiyo Interlude ntainusa kwanza. Bi Chetezo shikamoo, nakuja Unguja mwisho wa mwezi, huo hojari naupata Darajani?

Bi Chetezo: Marahaba. Ubani Darajani hukosi, ila sema hojari, usiseme ubani tu watakupa wa vumbi. Na usinunue duka la kwanza.