Bobby Shmurda: alifungwa kwa bunduki au kwa mistari yake?

Kaseti Mbovu: Wakuu, habari za leo. Nimerudia kutazama video ya singo ya kwanza ya rapa wa Marekani Bobby Shmurda, ile ya 2014. Jina lake silimalizii, tuuite Hot Nanihii. Mnaikumbuka: vijana wa East Flatbush, Brooklyn, wamejazana barabarani, mabega na viuno vinakwenda, kofia ya Knicks inarushwa juu na mpaka leo haijatua. Ikafika namba 6 kwenye chati ya Billboard Hot 100, lebo ya Epic wakamsaini, hadi Beyoncé akaucheza mtindo wake jukwaani. Desemba mwaka huohuo polisi wakamdaka nje ya studio Manhattan kwa tuhuma za kula njama na silaha, ana miaka 20 tu. Mkubwa mmoja wa polisi wa New York akatamka hadharani kwamba nyimbo za kundi lile ni kama kumbukumbu ya waliyokuwa wakiyafanya mtaani. Tujadili bila matusi: ni halali mistari ya rapa kuwa ushahidi? Mimi nasema si halali. Anayeigiza jambazi kwenye filamu mbona hashikwi?

Mama Hajambo: Wa kwenye filamu anasoma alichoandikiwa. Huyu kasimama mtaani kwao, kawataja rafiki zake kwa majina, kasema mmoja wao kaua mtu wiki iliyopita. Ulitaka polisi wafanye nini, wacheze naye?

Dogo Kapelo: Mama nawe, rapu ni majigambo. Nusu ya wanaojisifu bastola hawajashika hata manati. Kama huelewi huu muziki rudi kwenye taarabu yako.

Mama Hajambo: Taarabu imekukosea nini? Na afadhali umeitaja. Kwenye mipasho mlengwa hatajwi jina, na mtaa mzima unamjua. Wenye akili ndivyo wanavyosema mambo. Bobby wako angejifunza hapo asingelala ndani miaka kumi.

Wakili wa Kijiweni: Hukumu ilikuwa miaka saba, si kumi. Alikamatwa 17 Desemba 2014, akatoka 23 Februari 2021, rumande ikihesabiwa humohumo. Na jambo ambalo nyote mnalipita: kesi haikufika kwenye kusikilizwa. Septemba 2016 alikiri kula njama na kumiliki silaha, kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Hakuna jopo la raia lililoketi kuamua kama mistari ile ni ungamo au ni sanaa. Serikali ilikuwa na mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, na ilikuwa na bunduki zilizokamatwa. Wimbo wa nini tena? Nionavyo mimi, kazi ya wimbo ilikuwa kumtia hofu asithubutu kwenda mbele ya jopo. Hebu wafikirie raia kumi na wawili wasiojua rapu wakipigiwa ile kitu mahakamani, halafu waambiwe waamue. Hapo ndipo pa kujadili. Nje ya mada kidogo, hata biti yenyewe si yake, ni ya rapa Lloyd Banks.

Dogo Kapelo: Biti si yake??? Umetuandikia insha ya sheria halafu unamalizia na kamba. Biti ile ni ya Jahlil Beats.

Wakili wa Kijiweni: Jahlil Beats ni prodyuza, dogo. Banks ndiye aliyeichana kwanza, wimbo unaitwa Jackpot, 2012, uko kwenye mikstepu yake (mkusanyo wa nyimbo wa mtaani) V.6: The Gift. Bobby ameikuta imeshatumika. Hicho tu ndicho nilichosema.

Vinanda Viwili: Sicho ulichosema. Umesema "ni ya Lloyd Banks". Sisi tunaotengeneza biti tumechoka na hii tabia, mtu anaimba juu ya kazi yako na kesho biti inaitwa yake. Ile ni ya Jahlil, Banks akiwepo au asiwepo.

Mama Hajambo: Kumbe na biti kaiba. Endeleeni kumtetea.

Dogo Kapelo: HAKUIBA! Hiyo ndiyo mikstepu, unachukua biti ya mwenzako unaonyesha ubavu wako. 50 Cent na kundi lake zima la G-Unit, Lloyd Banks akiwemo, walijijengea jina hivyohivyo. Banks huyohuyo mnayemlilia. Na singo ilipotoka rasmi jina la Jahlil limo kama prodyuza.

Vinanda Viwili: Mimi simlilii Banks. Soma tena.

Bwana Ripoti: Kurudi kwenye swali. California walipitisha sheria mwaka 2022, gavana Newsom akaisaini: jaji sharti apime kwanza kama mistari inasaidia haki au inamchafua tu mshtakiwa, kabla ya kuiruhusu. New York mswada wa namna hiyo ulipita Seneti mwaka huohuo ukakwama. Na kule Georgia kwenye kesi ya rapa Young Thug, Novemba 2023 jaji aliruhusu baadhi ya mistari iingie. Kwa hiyo jibu linategemea uko jimbo gani.

Dogo Kapelo: Young Thug mwenyewe nani anaelewa anachoimba, hata jaji alihitaji mkalimani 😂

Kaseti Mbovu: Asante Bwana Ripoti. Nitajibu kwa kirefu jioni.

Pakacha: Nilikumbuka Epic walimlipia dhamana ya milioni mbili akatoka, si ndiyo?

Wakili wa Kijiweni: Dhamana ilikuwa dola milioni 2, kweli. Lebo hawakulipa hata senti, akabaki ndani. Miezi yote ile walikula jina lake, siku ya shida simu haipokelewi.

Mama Hajambo: Lebo ina haki ya kuokoa fedha zake. Hata mimi nisingemlipia.

Dogo Kapelo: Hakuna aliyekuomba. Na ujue kwamba miaka saba aliichukua ili mwenzake kwenye kesi, rapa Rowdy Rebel, naye apate saba badala ya kumi na mbili. Mwenyewe alisema. Wewe una rafiki wa kukufanyia hivyo?

Mama Hajambo: Ninao, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunitia kwenye kesi. Acha kuniuliza habari za maisha yangu, mtoto asiye na adabu.

Pakacha: Dogo hapo umevuka mpaka, muombe mama radhi.

Dogo Kapelo: Aliyeanza ni nani? Kanitolea mimi povu tangu mwanzo.

Vinanda Viwili: Aliyeanza ni wewe, uliposema taarabu. Nayo taarabu ina wapiga vinanda kuliko hao wote mnaowataja.

Kaseti Mbovu: Jamani nimeisikiliza Jackpot sasa hivi. Kusema kweli Banks aliilaza ile biti, Bobby ndiye aliyeiamsha.

Wakili wa Kijiweni: Aliilaza? Banks? Mkuu, taja mstari mmoja uliolala, mmoja tu, na tuuchambue hapa.