Oili chafu ya gereji ipelekwe wapi hapa Mtwara?

Muulizaji: Ndugu zangu, nina gereji ndogo Mikindani. Fundi wangu humwaga oili chafu mchangani nyuma ya banda, ilhali kisima cha jirani hakifiki hatua 30 kutoka hapo. Sheria inasemaje?

Jibu: Mkuu, mwambie aache leo hii, kwani mchanga wa pwani hupitisha kila kitu upesi. Oili iliyotumika ni taka hatarishi, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukabidhiwa mkusanyaji mwenye kibali, ambaye unaweza kumuulizia NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) au kwa ofisa mazingira wa manispaa. Dai karatasi ya makabidhiano.

Jibu: Naongezea: ihifadhi kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu ya zege, wala usiichanganye na petroli au mafuta ya breki, maana ikichanganyika ni vigumu kuisafisha upya. Filta igeuzwe kichwa chini ijichuje usiku kucha. Utashangaa kinachobaki ndani.

Muulizaji: Na wanaoinunua kupaka nguzo dhidi ya mchwa?

Jibu: Usiwauzie. Mvua za masika zitaiosha kutoka kwenye nguzo na kuirudisha ardhini, pengine karibu na kisima kilekile.