Umembadilisha muuaji kwa sababu tulimjua? Waandishi wa simulizi, hii si haki!

Wakuu, nimeshuka mwendokasi Kimara Mwisho sasa hivi, nyumbani sijafika. Nimekaa kwenye benchi la muuza chipsi naandika huu uzi, maana nikilala nayo hii hasira sitaamka vizuri.

Kuna simulizi naifuata tangu mwezi wa pili. Mwandishi simtaji na simulizi siitaji, akipita hapa atajijua. Inauzwa kwenye grupu: unatuma jero, unapewa sehemu tano. Leo nimemaliza sehemu ya 80, yaani elfu nane imeshanitoka. Hela si kitu. Kinachoniuma ni kwamba nimekaa miezi na watu wale kichwani, nabishana na mke wangu usiku nani kaua, halafu mwisho nimechezewa.

Kisa chenyewe: mzee mwenye mali wa Mikocheni kakutwa amekufa chumbani kwake. Wanaoshukiwa ni mke mdogo, mdogo wa marehemu, mwanasheria na dereva. Sehemu ya 9 dereva anaapa kuwa siku ile hakutoka mjini. Baadaye kidogo dada wa kazi anakung'uta kapeti ya gari, yanadondoka matope mekundu, na pale nyumbani kwao ni mchanga mtupu. Sentensi moja tu, ikapita. Hapo hapo mke mdogo akapiga ukunga kwamba simu yake imeibwa, sote tukakimbilia simu. Ile sehemu niliisoma mara tatu kwa raha. Jamaa anajua! Dokezo hufichwa hivyo: liweke waziwazi, halafu zua zogo pembeni.

Sehemu ya 41, dada mmoja akaandika kwenye grupu: "Muuaji ni dereva, kumbukeni yale matope." Watu wakampongeza. Mwandishi akapotea siku nne. Aliporudi, dereva akagongwa na lori, akafa ndani ya aya mbili, na matope hayakutajwa tena. Leo ndiyo tunaambiwa muuaji ni pacha wa mwanasheria, katokea Tunduma, walipanga wote wawili tangu mwanzo. Pacha! Sehemu 79 nzima hatujasikia kama yule mwanasheria ana hata binamu.

Padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi za upelelezi, aliweka kanuni kumi za hadithi hizo mwaka 1929. Ya kumi inasema mapacha wasiletwe ila msomaji awe ameandaliwa vya kutosha. Karibu miaka mia iliyopita hili lilishaonekana ni kero!

Na sisi ndio tusio na kisingizio kabisa, kwa sababu tuna majina ya mapacha, Kulwa na Doto. Mpe yule mwanasheria mama anayeuza dagaa Tandale. Sehemu ya 12 mteja anavutana naye bei: "Mama Kulwa, niongezee basi, mbona kifungu kimepungua leo?" Imetosha. Mwanasheria mwenyewe tunamjua kwa jina la ubatizo, na nani atauliza Kulwa ni nani wakati akili yote iko kwenye dagaa? Siku pacha anatokea, mimi ningejishika kichwa, nirudi mbio sehemu ya 12, nilikute jina limekaa palepale linanisubiri. Raha ya kibao kugeuka ni hiyo, kurudi nyuma ukakuta ulipewa kila kitu na hukuona.

Mimi nimerudi nyuma, nimekuta uongo. Sehemu ya 33 mwanasheria yuko peke yake chumbani, mwandishi anatuingiza kichwani mwake, anajiuliza: "Ni nani huyu aliyemuua mzee?" Ajiulize vipi na yeye ndiye kampangia kazi pacha wake? Mwandishi ana ruhusa ya kuninyima habari. Kuniambia uongo kwa sauti yake mwenyewe, hapana.

(Kama hujasoma riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd, ruka aya hii.) Agatha Christie mwaka 1926 alimfanya msimuliaji mwenyewe kuwa muuaji. Anasimulia kwamba barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku, na yeye akamwacha mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeuawa, saa tatu kasoro dakika kumi. Dakika kumi za katikati hazielezi. Kanyamaza tu, na kila alichotamka kuhusu saa zile kinasimama hata ukirudia kusoma ukiwa unajua.

Najua kuna watakaosema hizi ni simulizi za kwenye simu, tusizibebeshe mzigo wa riwaya. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kwa Kiswahili hikihiki. Msituambie kwamba kwetu haiwezekani.

Ndugu mwandishi, yule dada alipomtaja dereva ulipaswa kufurahi. Alisoma kazi yako kwa makini kuliko sisi sote. Grupu nzima tulikuwa bado tunagombana, mimi nilikuwa namshuku mdogo wa marehemu mpaka dakika ile. Ungeendelea na dereva wako, tungefika mwisho wengine tukishangaa na yeye akijivuna, kila mtu na raha yake. Umeona bora ukomoe mmoja kwa kutuharibia wote.

Andika upya sehemu ya 42 hadi 80. Nitalipa tena, jero kwa jero. Na kama hutaki, basi nijibu swali moja tu hapa mbele ya watu: yale matope mekundu dereva aliyatoa wapi?