Mrejesho: Makumbusho ya Barracco, Roma

Ndugu zangu, niliuliza ni makumbusho gani mjini Roma mtu anaweza kuyatazama kwa utulivu, mbali na foleni za Vatikani, nanyi mkanielekeza Barracco, karibu na Campo de' Fiori. Nimekwenda, na ninawashukuru kwa dhati.

Ni jumba dogo la karne ya 16, lililojengwa kwa ajili ya kasisi Mfaransa Thomas Le Roy, nalo liko kando ya Corso Vittorio Emanuele II, ambako wageni hupita mbiombio kuelekea Piazza Navona bila hata kugeuza shingo. Nilipokwenda, kiingilio kilikuwa bure. Giovanni Barracco aliukabidhi mkusanyo wake wa sanamu za kale kwa jiji mwaka 1904, na kwa kuwa ndani yake mna kazi za Misri, Ashuru, Ugiriki na Roma, mtu huweza kulinganisha mikono ya mafundi wa mataifa hayo kwa kuvuka mlango mmoja tu.

Kilichonigusa kuliko vyote ni sanamu ya marumaru ya mbwa jike aliyejeruhiwa, nakala ya Kirumi ya kazi ya Kigiriki: amegeuza kichwa ubavuni, analamba kidonda chake. Chumbani hapakuwa na mgeni mwingine, nikaitazama nilivyotaka. Kwa maoni yangu, sanamu hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu hotelini.

Anayepanga kwenda akumbuke kwamba Jumatatu hufungwa.