Jiko na hita kwenye laini moja: je, niweke breka kubwa zaidi?

Mpangaji wa Njombe
Ndugu wataalamu, nyumba niliyopanga ina laini moja tu ya soketi, ya jikoni na sebuleni, nayo inalindwa na breka ya ampea 16. Kwa baridi ya huku huwasha hita ya wati 2000 huku maharage yakichemka kwenye jiko la sahani mbili la wati 2500, na baada ya nusu saa hivi breka hujikata. Fundi wa mtaani anataka kuweka ya ampea 32 ili yaishe. Naomba ushauri kabla sijamlipa.

Fundi Mstaafu
Usimlipe. Wati 4500 ukizigawanya kwa volti 230 unapata ampea 19.6, kwa hiyo breka yako ni nzima. Inachelewa kujikata kwa sababu mzigo umezidi kidogo tu, na joto hujikusanya ndani yake polepole. Breka inalinda waya uliomo ukutani, wala si jiko. Iwapo waya huo ni wa milimita mraba 1.5, nilivyokuta katika nyumba kadhaa za kupanga, ukiweka breka ya 32 waya unaweza kuungua kabla umeme haujakatika.

Mama Wawili
Naomba kuuliza: je, vyote viwili umevichomeka kwenye soketi pacha moja? Yangu ilianza kunuka plastiki, na nilipochomoa plagi nikakuta pini moja imegeuka kahawia. Skrubu ya waya ilikuwa imelegea, na breka haikushtuka hata kidogo, kwa kuwa umeme uliokuwa ukipita haukuwa umezidi kiwango chake.

Mpangaji wa Njombe
Ni soketi pacha moja, mama, na nimeigusa plagi ya jiko sasa hivi, haishikiki kwa joto. Mwenye nyumba amekubali jiko lipate laini yake. Je, kwa sasa nifunge chenjiova, ile swichi ya kuhamisha umeme, ili kimoja kikiwaka kingine kizimike?

Fundi Mstaafu
Chenjiova ya mkono hufanya kazi hiyo vizuri, lakini kama laini mpya haichelewi, ni gharama ya bure: chomoa hita unapopika. Soketi hiyo usiitumie tena mpaka ibadilishwe. Laini ya jiko itoke moja kwa moja kwenye boksi la breka, kwa waya wa milimita mraba 2.5 wenye waya wa ethi, na breka yake iwe ya 16. Jiko lako linakula ampea 11 tu.