Yule bwana wa mafuta ya bangi anayezunguka kwenye vikoba hapa Dodoma, leo kamwita mwanangu zezeta mbele ya watu

BintiMgogo_Dom

Wakuu nimetoka kwenye kikao cha vikoba muda huu, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Jina simtaji na hakuna haja, wa Dodoma wote mnamjua, yule wa koti la kaki na begi jeusi, kwenye msiba yupo, kwenye kitchen party yupo, juzi kati alikuwa Majengo sokoni na spika yake, kesho mtamkuta stendi Nzuguni, mtu anauza mafuta ya bangi mchana kweupe kwenye mji wenye bunge na polisi kila kona na anatembea kifua mbele kuliko waziri!

Leo mwenyekiti wetu kamleta eti semina ya ujasiriamali. Akaanza. Bangi inatibu saratani, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, ukimwi, jicho, mguu, ilibaki aseme inalipa madeni. Mara Marekani yote imeruhusu, mara Afrika Kusini wanauza gengeni kama nyanya, mara bunge letu limeshapitisha kimya kimya linasubiri kutangaza tu, kwa hiyo tutoe hela ya kikundi tukodi shamba Kongwa kabla matajiri hawajajaa. Na wenzangu wanapiga makofi! Hela za ada za watoto hizo!

Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza. Mwanangu wa mwisho ana miaka 9, ana kifafa, anatumia dawa asubuhi na jioni na tangu zimkubali anasoma, anacheza, anatumwa dukani. Saa ya dawa ikafika nikatoa boksi kwenye mkoba. Yule bwana akanifuata pale pale nilipokaa, akalichukua boksi mkononi mwangu, akaliinua juu kila mtu aone, akasema "Mnaona? Vidonge vya wazungu hivi ndo vinafanya watoto wanakuwa mazezeta. Mtazameni huyu." Mtazameni huyu! Kamnyooshea kidole kabisa. Na mtoto yupo pale, anasikia, ana akili zake timamu, akabaki ananiangalia mimi.

Nikamnyang'anya boksi langu. Akacheka, akasema mama una hasira kwa sababu hujasoma, zitupe hizo, wiki moja ya mafuta yangu mtoto kapona. Jamani dawa za kifafa hazikatwi ghafla! Daktari alinikalisha akanieleza, ukizikata ghafla kifafa kinaweza kuja mfululizo bila kuachia na mtoto akafa, na huyu anawaambia akina mama kikao kizima wazitupe. Najua atajificha nyuma ya ile habari ya Marekani, na ni kweli ipo, mwaka 2018 waliidhinisha dawa ya kifafa inayotoka kwenye mmea wa bangi, inaitwa Epidiolex. Lakini hiyo ni kemikali moja tu, CBD, ambayo haileweshi, imesafishwa, inapimwa kwa kilo za mgonjwa, ilianza kupitishwa kwa aina mbili za kifafa sugu kinachoanza utotoni, na wengi wanaopewa wanaendelea na dawa zao nyingine. Yeye kachemsha majani kwenye sufuria kamimina kwenye chupa za dawa ya kikohozi, humo ndani kuna nini anajua yeye na Mungu wake.

Sijaja kubishana ihalalishwe au isihalalishwe, wanaotaka wadai na wanaopinga wapinge. Mimi nasema MTAZAMENI HUYU, mtoto wangu, mbele ya majirani! Tumefika nyumbani nampa kidonge kafunga mdomo, "mama zitanifanya zezeta". Mpaka naandika hapa dawa ya jioni hajameza.

Mjukuu_wa_Mtemi

Pole sana dada. Huyo tunamjua! Shangazi yangu Makole ana sukari, kamuuzia chupa elfu 30, kamwambia acha dawa za hospitali. Akazidiwa usiku, tukamkimbiza. Tulipompigia simu anasema ni sumu inatoka mwilini!!

Simba_wa_Ipagala

Wanawake kikao kizima mnashindwa mtu mmoja mwenye begi? Na makofi mkapiga. Mleta mada ungemvunjia hizo chupa pale pale, sa hivi unatulilia sisi ili iweje.

Rasi_Kibaigwa

Msichanganye tapeli na mmea. Huyo mzee ndo anatuharibia sisi tunaotaka ihalalishwe, maana kila tukisema neno tunaonekana wauza mafuta. Malawi hapo jirani walitunga sheria 2020, analima mwenye leseni, bangi ya dawa na ya viwanda. Sisi kazi kufyeka tu. Pole kwa mtoto ila hoja ibaki hoja.

BwanaShamba77

@Rasi_Kibaigwa leseni umeisema mwenyewe, si kukodi heka Kongwa kwa hela ya vikoba. Na hiyo ya Afrika Kusini watu wanaitapeli sana, mahakama ya katiba 2018 iliruhusu mtu mzima kuvuta na kulima faragha kwa matumizi yake, kuuza gengeni bado ni kosa. Marekani nako ni majimbo, Colorado na Washington walipiga kura 2012 wengine wakafuata, ila sheria ya taifa lao bado inakataza. Hapa kwetu sheria ya 2015 ipo, watu wanakula miaka 30 kwa bangi. Polisi wakiingia shambani, wenye majina kwenye muhtasari wa kikundi ndo watajibu, yeye na begi lake atakuwa Singida.

Anko_Mvumi

Bangi ni bangi. Kijiti kimoja tu, hospitali ya wagonjwa wa akili Mirembe moja kwa moja. Kuna kijana huku kwetu alivuta mara moja akaanza kuwahubiria mbuzi.

Nesi_wa_Zamu

Anko na wewe unadanganya kwa upande wako. Wengi wanaovuta hawafiki Mirembe. Ila anayeanza bado mdogo, anayevuta kila siku, anayetumia yenye THC kali, yaani ile kemikali inayolewesha, na mwenye ukoo wenye ugonjwa wa akili, hatari ya kuchanganyikiwa inapanda, hiyo haina ubishi. Ukimwambia kijana msokoto mmoja unatia wazimu, akajaribu akaamka mzima, kesho hata ukimwambia la kweli hakusikilizi.

Mleta mada, usimtie kidonge kwa nguvu atapaliwa. Na usikisage kabla ya kuuliza, kuna vile vya kuachia dawa taratibu havisagwi. Mpigie daktari wake sasa hivi, usisubiri asubuhi.

BintiMgogo_Dom

Asante nesi, Mungu akubariki. Baba yake karudi, kakaa naye, kamwambia wewe ni mzima na darasani unawashinda kaka zako, kameza. Ila mimi hasira haijashuka hata kidogo. Unamnyooshea kidole mtoto wa miaka 9? "Mtazameni huyu"? Kwani yeye hana wa kwake?

Simba_wa_Ipagala

Mbona mwenyekiti wenu humgusi? Si ndo kamleta. Hapo kuna mtu kala kamisheni.

MamaZabibu

Usiniambie kuhusu wenyeviti wa vikoba! Wetu huku Hombolo tulitakiwa kugawana Desemba, mpaka leo ni "sanduku lina funguo tatu na mmoja kasafiri". Kasafiri wapi mwaka mzima? Na katununulia bodaboda kwa jina la mwanae.

Mjukuu_wa_Mtemi

Haaa MamaZabibu hiyo bodaboda hata sisi tunayo, jina la shemeji yake 😂

Kijana_wa_Ilazo

Bora nyie mnaibiwa na mnaowajua. Mimi dalali kala elfu 20 ya kunionesha chumba, kufika kuna mtu anaishi, anapika maharage kabisa. Bunge la bajeti likikaribia hawa watu wanakuwa wanyama.

BwanaShamba77

Kwenye bunge la bajeti hata gesti za uani zinajiita hoteli. Mwenye nyumba wangu kapandisha kodi, anasema wabunge wanakuja. Mbunge gani anakuja kupanga Nkuhungu choo cha nje?

BintiMgogo_Dom

Jamani uzi ni wa huyu mtu wa mafuta, anayejua Jumapili ijayo anaenda kikundi gani aniambie.

MamaZabibu

@Kijana_wa_Ilazo usilipe dalali kabla hujashika funguo. Mdogo wangu ana chumba masta Ilazo, umeme wake mwenyewe, hakuna dalali, njoo pm.

Kijana_wa_Ilazo

Nimekuja pm mama. Maji yanatoka mara ngapi kwa wiki? Na anapokea kodi ya miezi mitatu au anataka sita?