Ndege wanaotaga chini jirani na watu: tupeane uzoefu

Mjenzi wa Kiromo: Wakuu, salaam. Niko Bagamoyo. Nilimwaga kokoto za msingi, nikasafiri wiki moja. Kurudi, ndege wawili wa miguu mirefu, wale wanaopiga makelele usiku mtu akipita, wamelifanya lundo langu kiota. Hakuna jani wala kijiti, mayai manne tu yaliyofanana na kokoto. Fundi alishainua koleo! Tukachota upande wa pili karibu mwezi mzima, nao wakipokezana kutushukia vichwani kila tukikoroga zege. Vifaranga walipoanguliwa hawakukaa hata siku mbili, wakatimka majanini na wazazi wao. Msingi umechelewa na mke wangu hajanisamehe. Kwenu vipi?

Mkongeni: Mie wa Tanga. Tukikata mkonge nilikuta mayai 11 ya kanga chini ya shina. Nikayabeba yote (tamaa), nikamwekea kuku aliyekuwa anaatamia. Siku ya 27 wakatoka tisa. Kazi ikaanza. Kuku anawaita, hawana habari naye. Kanga wa porini wakilia alfajiri, wote shingo juu! Wiki ya pili nilikuwa na wawili, na hao paka kawamaliza. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Wangu walianguliwa ugenini na wakakataa kukaa.

Mama Kwale: Nimecheka hiyo ya paka, samahani.

Majaruba: Mimi nipo kwenye chumvi. Kuna kitwitwi mdogo anataga kwenye tuta kavu kati ya majaruba, mayai mawili. Akisikia hatua anayafukia mchanga kwa miguu harakaharaka, halafu anajiondokea kama mpita njia. Nilichomeka kijiti pembeni ili wenzangu wasikanyage. Kesho yake nakuta maganda. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, wanamwangalia binadamu anachoshughulikia, kisha wanakuja kukagua. Kijiti nilikiweka mwenyewe. Siku hizi nikiona kiota napita moja kwa moja, sisimami hata kuangalia.

Mama Kwale: Sasa nisaidieni. Mwanangu kaokota kifaranga karibu na uwanja, Raskazone. Anasema mama yake kavunjika bawa, anaburuta chini. Nimpe nini ale?

Mjenzi wa Kiromo: Dada, usimpe kitu! Hilo bawa zima. Anajifanya kilema ili mfuate yeye mwache watoto. Mrudisheni palepale, wengine wamelala chini kimya jirani hapo, angalieni msikanyage.

Mama Kwale: Tumemrudisha. Mgonjwa wetu alituburutia bawa mpaka kwenye goli la pili, tulipogeuka kuondoka akaruka kama hajawahi kuumwa. Mtoto kanuna, anasema ndege kamdanganya.